Kilima cha Magazeti

Juzi wanangu walikuwa uani wanatengeneza tiara. Walikoroga unga wa muhogo ndani ya kopo, wakaupika kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa gundi nzito, na harufu yake ikapita dirishani ikanikuta jikoni. Ni harufu ya uji usiotiwa sukari wala chumvi, uji usiopikwa kwa ajili ya mtu. Nilikuwa napeta mchele. Niliweka ungo chini nikaenda kukaa chumbani, na mume wangu aliponiuliza nina nini, nilimwambia kichwa kinaniuma. Yeye anajua nusu tu ya habari hii. Nusu ya pili nimeishi nayo mwenyewe, na sasa nimefika umri ambao naona afadhali niiandike kuliko kuikimbia kila inapopikwa gundi.

Tulikaa Jadida, pale Wete, nyumba moja na bibi mzaa baba. Baba alikuwa dereva wa treni ya mizigo huko bara. Kisiwani kwetu hapana reli, na skuli nzima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na baba wa namna hiyo. Wenzangu baba zao waliwaona kila siku. Wangu nilimwona mara mbili kwa mwaka, akishuka melini na begi la turubai, mwili wake ukinuka dizeli hata baada ya kuoga mara tatu. Kwa siku kumi alizokaa alinisimulia. Treni ina urefu wa kutoka hapa mpaka bandarini. Treni ikishikwa breki haisimami papo hapo, inakwenda kwanza. Mimi nilikuwa sijaona treni hata kwa picha, kwa hiyo nilijitengenezea yangu kichwani, na ilikuwa na macho mawili na ulimi.

Halafu mwaka mmoja akaja wakati usio wake. Alikuja na sanduku lake la bati, jiko lake la mafuta ya taa, na godoro lililofungwa kamba. Mtu wa likizo haleti godoro. Hilo hata mimi wa miaka tisa nililijua.

"Nimepumzishwa kidogo," alimwambia bibi.

"Alhamdulillahi," bibi akajibu. "Utapata kukaa na mwanao."

Mama alilichukua lile godoro akalianika uani, akalipiga kwa fimbo ya ufagio kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwamo.

Baba akawa analala. Mchana kutwa alilala ameelekea ukutani. Wageni wakija kumjulia hali, mama aliwaambia ana homa. Barazani hakutoka, na msikitini alikwenda Ijumaa tu, akirudi kabla watu hawajamaliza kupeana mikono. Niliamini ile homa. Siku moja nilimpelekea uji, nikamshika paji la uso kama mama alivyokuwa akinishika mimi, nikashangaa kulikuta la baridi.

Baada ya wiki nyingi za namna hiyo aliamka asubuhi moja, akaenda nyuma ya choo, akauchukua mlango wa zamani uliokuwa umeegemezwa pale tangu nyumba ilipotengenezwa. Aliusugua kwa maji na mchanga, akauingiza chumba cha uani, akaulaza juu ya masanduku mawili ya mbao. Niliporudi chuo cha Kurani nilimkuta ameinama juu yake na penseli sikioni.

"Raya," aliniita. "Una mikono midogo weye. Njoo unisaidie."

Sikumbuki furaha nyingine ya utotoni iliyokuwa kubwa kama ile. Tulikuwa tunajenga reli. Kwa fundi baiskeli alipata spoki zilizokwisha kazi, akazinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe moja baada ya moja, akaziunganisha ncha kwa ncha mpaka zikawa vyuma viwili virefu vinavyokwenda sambamba. Kazi yangu ilikuwa mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli. Nilikata makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, nikayapanga chini ya spoki, yote urefu mmoja. Lile lililozidi hata kidogo alilitoa. Kokoto zilikuwa changarawe niliyoichekecha kwa kichujio cha chai, na mama akaninunia siku mbili kwa ajili ya kichujio chake.

Kichwa cha treni alikichonga kwa mti wa mfenesi, kikatoka cha manjano hata kabla ya kupakwa rangi. Hakikuwa na injini. Kilisukumwa kwa kidole.

Kilima ndicho kilichotuchukua muda. Tulikunjakunja wavu wa waya wa banda la kuku, tukaufunika kwa magazeti yaliyolowekwa gundi ya muhogo, tabaka juu ya tabaka, huku chumba kizima kikinuka ule uji usio na mwenyewe. Kikikauka, baba anakipima. Alikuwa na daftari dogo la kazini alilolijaza hesabu za hatua alizozipiga huko bara. Hatua yake moja ya kweli, huku kwetu ilikuwa upana wa ukucha wa kidole chake kidogo. "Hapa pamezidi," anasema, anakata kwa wembe, tunabandika upya. Mara tano tulikijenga kilima kile na mara nne akakivunja. Mimi nilidhani ndivyo mafundi wote walivyo.

Miti mikubwa ilikuwa makonyo yenye matawi, nikayavika sufi iliyopakwa rangi ya kijani. Vichaka vilikuwa vipande vya dodoki. Shamba la mkonge nililitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya ukindu wa mikeka ya bibi: nilikata ncha nyembamba, nikazifunga tano tano kwa uzi, nikazichovya kwenye rangi ya mkeka, nikazichomeka safu kwa safu kando ya reli mpaka penye kona. Baba alizitazama safu zangu akaninyooshea kidole.

"Hapa ulipoacha nafasi, jaza. Mkonge ulikuwa mpaka hapa."

Alisema *ulikuwa*. Sikulitia maanani neno lile.

Stesheni ilikuwa boksi la viatu na bati la kopo la maziwa. Nilipomaliza kukipaka chokaa kibao chake nilimuuliza, "Baba, hapa paitwaje?"

"Hapaitwi."

Haiwezekani mahali pasiwe na jina, kwa hiyo alipokwenda kutawadha nikachukua kalamu nikaandika WETE. Aliporudi alikitazama kibao, akakiacha. Basi mimi nikajua. Nikaenda skuli nikawaambia wenzangu baba yangu amepewa kazi ya kupanga treni ya kuja Pemba, itapita Jadida, na ramani yake iko nyumbani kwetu juu ya mlango. Walinicheka mpaka mwalimu akaingia. Sikujali. Wao hawakukiona kilima.

Mwisho kabisa, kila kitu kilipokwisha kusimama, baba alichora njia nyembamba ya udongo inayotoka upande wa nyumba, inakata reli baada ya kona, inaelekea kisimani. Kisha akatoa karafuu moja kavu mfukoni. Karafuu ukiisimamisha ina kichwa na kiwiliwili, na kimo chake kwa ukucha wa baba kilikuwa kimo changu. Akaizungushia kipande cha kanga nyekundu kisichozidi ukucha, akaisimamisha penye njia, pale inapokutana na reli.

"Huyu mie?" nilimuuliza.

Aliinyoosha kwanza ile kanga. "Haya. Weye."

Nikafurahi kwamba nimo.

Siku iliyofuata, baada ya alasiri, aliufunga mlango wa chumba akaniambia tutacheza. Niliweka shavu langu juu ya ule ubao, jicho langu likiwa sawa na kichwa cha ile karafuu. Kwenye reli, upande wa pili wa kona, alikuwa ameweka alama ya penseli. Alichuchumaa huko nisikomwona, kichwa cha treni mkononi.

"Mie naisukuma, naja nayo polepole," alisema. "Ukiiona tu, sema. Usiseme kabla."

Nilitazama. Niliona kilima chetu, na mbele ya kilima ule mkonge wangu nilioujaza mwenyewe mpaka kwenye kona. Sikuona kitu kingine. Shingo iliniuma, rangi ya mkeka ikaninukia puani, na nyuma ya kilima nikasikia magurudumu ya mti yakikwaruza spoki. Nilitaka kushinda. Sijui nilidhani nashindana na nani. Magurudumu yalipopita mahali spoki mbili zilipoungana yakatoa sauti ndogo, tik, nami nikapiga kelele:

"Naiona!"

Baba akainuka taratibu. Kidole chake kilikuwa bado kiko juu ya kichwa cha treni, na treni ilikuwa haijafika alama ya penseli.

"Kweli waiona?"

"Naiona, baba. Naiona yote."

"Tena."

Tukafanya tena. Nilingoja ile tik, nikapiga kelele. Tukafanya mara ya tatu, na ya nne, na kila mara nilisema pale pale, kwa sababu sauti haikubadilika. Mara ya nne baba alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Akanivuta akanikumbatia mpaka nikashindwa kupumua. "Una macho weye," alisema. "Allah akuhifadhi hayo macho."

Jioni ile alikula sahani mbili. Alikwenda msikitini maghribi na hakurudi mpaka isha, na tulimsikia akizungumza na watu barazani. Mama alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tena maisha yake yote, kama mtu aliyepokea kitu kutoka kwangu. Kwa miezi miwili nyumba yetu ilikuwa nyumba. Ndiyo maana nasema kwamba uongo ule nililipwa vizuri.

Kisha akaja mgeni. Alikuwa kijana wa bara aitwaye Shomari, msaidizi wa baba kazini, aliyekuwa akikaa naye kwenye kichwa cha treni. Alileta koti la baba lililobaki huko na habari kwamba uchunguzi umekwisha na baba anaweza kurudi kazini wakati wowote. Bibi alimshukuru Mungu kwa sauti. Baba hakuonekana kufurahi wala kuhuzunika. Alimshika Shomari mkono akampeleka chumba cha uani, na mimi nikafuata na sinia la chai na muhogo wa kuchemsha.

Nilimkuta Shomari amesimama mlangoni, hajaingia.

"Mzee Hamadi," alisema. "Hii ni kazi gani?"

"Ingia utazame."

"Umeweka mpaka ule mkwaju."

"Ingia. Chuchumaa pale penye njia, utazame kona."

Shomari alichuchumaa kwa shida, akaweka jicho lake pale nilipokuwa nikiweka langu. Baba alisukuma treni. Nilisikia ile tik ikipita, na Shomari yuko kimya. Treni ikapita alama ya penseli, ikatokeza kwenye kona, ikawa karibu na karafuu kiasi cha vidole viwili, ndipo aliposema, "Sasa naiona."

"Tazama vizuri."

"Mzee, pale hapaonekani kitu. Wewe unajua na mimi najua. Ndiyo maana kile kibao cha honi kimewekwa pale penye alama yako, kabla ya kona."

"Mtoto anaona," baba alisema. "Raya, weka sinia. Njoo umwoneshe ami yako."

Niliweka sinia. Nikaweka shavu. Magurudumu yakakwaruza, tik, nikasema, "Naiona." Nilipoinua kichwa Shomari alikuwa hatazami reli, ananitazama mimi. Alikuwa na macho ya mtu aliyemwona mwizi ambaye ni ndugu yake.

"Sawa," alisema hatimaye. "Kama mtoto anaona."

Hakuigusa chai. Wakati wa kuondoka, baba akiwa ndani anavaa kanzu amsindikize, Shomari aliinama penye kizingiti akaninong'oneza. "Mwanangu, ile treni umeiona kweli?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema kweli. Nimepafikiria sana. Alikuwa ananiuliza kwa upole, hapakuwa na mtu mwingine, na tayari nilikuwa naona kwamba jambo lile si mchezo, ingawa sikujua ni nini. Lakini niliogopa baba asije akarudi ukutani.

"Ndiyo," nilisema.

Baba hakurudi kazini. Alikwenda Ole kwenye shamba la babu, akawa anashughulika na mihogo na karafuu, akija mjini Ijumaa. Chumba cha uani kikafungwa. Mvua za masika ziliingia, mchwa wakapanda kwenye yale masanduku, na nilipokuja kuufungua mlango kilima kilikuwa kimebonyea katikati, maandishi ya magazeti yakionekana chini ya rangi. Mama alivitoa vyote uani akavichoma. Ile karafuu nadhani iliungua na vingine.

Nilikuwa na miaka kumi na sita mama aliponiambia. Tulikuwa tunafua, na alilisema kama mtu anayesema kilichompata jirani. Treni ya baba ilimgonga mtoto wa kike kule bara, kwenye njia inayokata reli baada ya kona yenye mkonge. Alikuwa anakwenda kisimani. Kabla ya kona ile dereva anatakiwa apige honi, kuna kibao kabisa, kwa sababu mwenda kwa miguu haioni treni. Baba hakuipiga. Alikuwa anamimina chai kutoka kwenye chupa, na mara elfu alishapita pale bila kukuta mtu.

"Na wakubwa wake hawakujua?" nilimuuliza.

"Alisema aliipiga. Na yule Shomari akasema aliipiga." Mama alikamua shati mpaka likakunjika kama kamba. "Baba yako akawa hapati usingizi, mpaka ile siku weye ulipomwambia treni inaonekana. Kama yaonekana, basi honi au si honi, yule mtoto aliiona akavuka. Ulimponya, mwanangu. Nakuombea kila sala."

Niliendelea kusuuza nguo ambayo ilikuwa imeshatakata.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa. Baba alizeeka vizuri. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kama si jambo moja ningemwacha na alichonacho mpaka siku yake. Jambo lenyewe ni kwamba alianza kukisimulia kile kisa. Mwanzo kwa watu wazima, kwa kifupi. Halafu siku moja nilimpelekea wajukuu Ole, na binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka tisa, na nikamsikia akimwambia, "Kule bara kulikuwa na mtoto kama weye. Treni anaiona inakuja, kwa macho yake mawili. Akavuka kwa ukaidi. Mtoto mkaidi hafiki mbali." Binti yangu alitikisa kichwa kwa adabu.

Nilingoja watoto waondoke kwenda kuokota mapera. Baba alikuwa amekaa juu ya jamvi anachambua karafuu, karafuu huku, makonyo huku. Nikakaa mbele yake nikachota na mimi.

"Baba," nilisema, "ile siku ya reli, sikuiona treni."

Vidole vyake viliendelea.

"Nilisikia magurudumu yakipita penye kiungo. Nikipasikia pale, nasema naiona. Sikuiona hata mara moja. Hata alipokuja Shomari sikuiona."

Vidole vikasimama. Alitazama kiganja chake kilichojaa karafuu kwa muda mrefu.

"Miaka yote hino," alisema. "Kwa nini wan'ambia leo?"

"Kwa sababu wamsingizia."

Kama angenipiga ningeshukuru. Alizimwaga zile karafuu jamvini, zilizochambuliwa na zisizochambuliwa, akainuka kwa kushika goti, akaingia ndani. Siku tatu hakula. Mama alikuja kutoka mjini, akamkuta ameelekea ukutani, akaniuliza nimemfanya nini. Nilimwambia. Mama hakunisemesha kwa muda wa mwezi mzima, na sidhani kama alinisamehe kwa moyo wake wote. Mwenyewe nilikuwa najiuliza: nilisema kwa ajili ya yule mtoto, au kwa sababu nimechoka kubeba? Mpaka leo sijui.

Siku ya nne baba alitoka nje akaomba maji ya kuoga. Kisha akasema, "N'tafutie safari ya bara. Twende sote."

Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuvuka bahari. Tulishuka melini, tukapanda basi, tukalala mji mmoja, tukapanda basi jingine. Jina la kile kituo silitaji, kwa sababu watu wake wapo. Kulikuwa na jengo dogo limetoka plasta, na reli imeota majani. Baba alitembea kando yake bila kuuliza njia. Kona ilikuwepo. Kilima kilikuwepo, kirefu kuliko tulivyokijenga chetu. Nilimwona akisimama penye njia, akigeuka kutazama upande treni inakotoka, na nikaona mabega yake yakishuka. Hapakuonekana kitu.

Nyumba ya yule mtoto tuliipata kwa kuuliza. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, Mama Zaina, anapukuchua mahindi kwenye kivuli cha ukuta. Alitukaribisha kama wageni, akatuletea kigoda na mkeka. Baba alikataa kigoda, akakaa chini. Alisema yeye ni nani. Yule mama aliendelea na gunzi lake mpaka likaisha, akaliweka pembeni.

"Wakubwa wa reli walikuja," alisema. "Walikaa hapo hapo ulipokaa. Walisema honi ilipigwa, mtoto akapuuza."

"Haikupigwa," baba alisema. "Mie ndiye niliyekuwa naendesha. Sikuipiga. Nilisema uongo."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele, kwa matusi, kwa majirani kuja na fimbo. Mama Zaina aliwafukuza kuku waliokuwa wakidonoa punje zilizomwagika.

"Nilimfundisha mwenyewe," alisema. Hakuwa anatutazama. "Tangu anajua kutembea. Ukisikia honi, tua ndoo, simama, hesabu mabehewa mpaka yaishe. Alikuwa anakuja ananiambia leo yalikuwa kumi na nane, leo ishirini. Walipokuja wale wakubwa nikasema basi, siku hiyo alikaidi. Nimesema hivyo msibani. Baba yake amekufa anasema hivyo. Wadogo zake nimewalea kwa hilo, nikiwachapa nawaambia, mnataka kuwa kama Zaina."

"Hakukaidi," baba alisema. "Hapakuwa na honi, mama. Hakuwa na cha kusikia."

Mama Zaina aliinuka, akaenda mpaka pembeni ya nyumba, akamwita mwanawe. Alikuja mwanamume wa rika langu, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko, akatuamkia bila kujua sisi ni nani.

"Huyu mzee ana neno," mama yake alimwambia. Kisha akamgeukia baba. "Liseme mbele yake. Lote."

Baba alilisema. Chai, kibao, kona, na uongo. Yule mwanamume alisimama tu, akiutazama udongo wa mikononi mwake, mpaka mama yake akamshika mkono kwa nguvu kama vile ndiye aliyekuwa anataka kuanguka.

"Umesikia?" alimuuliza. "Alikuwa msikivu. Dada yako alikuwa mtoto msikivu."

Akalirudia lile neno mara nyingi, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, amejifunika uso kwa upindo wa kanga. Hakutuambia ametusamehe, na baba hakuwa amemuomba. Tulibaki tumekaa pale chini, jua likitufikia miguuni, kwa sababu hakuna aliyetuambia tuondoke.